Hariri Isiyotiwa Mkasi

Kitambaa kilikuwa na joto. Mwanapili alidhani ni jua la Msambweni lililopiga mfuko njiani, lakini alipokitandaza juu ya meza ya kukatia, chini ya feni, hakikupoa. Kilikuwa na joto la nguo iliyovuliwa mwilini sasa hivi.

Hakujali. Fundi gani angejali? Ilikuwa hariri ya kale ya Maskati, nyekundu, yenye zari ya dhahabu halisi, ambayo hata mabibi wa mahoteli ya Diani huiona kwenye picha tu. Hadiya, sahibu yake tangu madrasa, aliileta mwenyewe. Alisema ni ya marehemu nyanyake, na duka moja la mavazi ya kifahari huko Diani limeagiza gauni la kitambaa hicho. Akasisitiza jambo moja: Mwanapili aikate kwa mkono wake, asimwachie fundi mwingine. Mwanapili akaona ameheshimiwa, maskini.

Alipotia mkasi, chumba kikajaa harufu ya udi, na hakuna aliyefukiza. Kesho yake akiwa jikoni alisikia mkasi ukikata peke yake mezani. Siku ya tatu, adhuhuri, mtu alimshika tumbo kwa nyuma, taratibu, kama anayempima nguo, vidole virefu vya baridi vikaizunguka mimba ya miezi mitano aliyoingoja kwa miaka saba, na alipogeuka hapakuwa na mtu, ila pumzi sikioni na ile harufu ya udi, na mtoto tumboni akajikunja, akatulia, asicheze tena mpaka magharibi.

Mumewe, Sefu, alimleta Maalim Abdurahman kutoka Kombani. Maalim alikigeuza kipande kimoja baada ya kingine, mpaka akaona kwenye pindo doa la marashi na damu iliyokauka.

"Mwanangu, hii ni nguo ya jini," alisema kwa sauti ya chini. "Jini hupewa nguo yake nzima, ikawekwa sandukuni. Haitiwi mkasi. Anayeikata amemkaribisha kwake."

"Hata kama hakujua?"

"Hata kama hakujua. Na hatoki mpaka yule aliyekuwa naye kwanza aipokee nguo kwa ridhaa yake."

Mwanapili alizikumbuka mimba tatu za Hadiya zilizoharibika. Akakumbuka pia kwamba habari ya mimba yake mwenyewe alimwambia Hadiya kwanza, kabla hata ya Sefu. Ikamuuma kuliko hofu yote aliyokuwa nayo.

Hadiya alipoitwa alikuja, lakini alisimama mlangoni, hakuingia. Wala hakukana.

"Niwie radhi, Mwanapili. Na mimi nataka mtoto."

"Ungempelekea mtu mwingine."

"Mtu mwingine angenilaani. Wewe nilijua utanisamehe."

Maalim alivikusanya vipande vya hariri akamnyooshea Hadiya. Hadiya akaficha mikono ndani ya buibui. Mwanapili alifungua kinywa amwambie kwamba hamsamehi, hamsamehi mpaka siku ya kiyama, lakini ulimi haukuwa wake tena, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume, yenye upole uliomtoa Sefu jasho.

"Nenda salama, Hadiya," ilisema. "Kwako nilikuwa na mmoja. Hapa nimepata wawili."

Hadiya akasema alhamdulillahi, akashusha nikabu yake, akaondoka.