Folda ya Jirani

"Hebu njoo uone. Mbona jina la nchi yenu ndilo limetangulia?"

Mwanamume aliacha kikombe chake cha chai mlangoni, maana ndani ya chumba cha nyaraka chai na karatasi hazikuruhusiwa kukutana, akaja kuinama juu ya meza.

"Labda zamani waliandika hivyo."

"Wapi! Nakala inayobaki kwetu huanza na jina letu. Inayokwenda kwenu huanza na jina lenu. Mikataba yote humu iko hivyo. Hii ni nakala yenu, bwana. Miaka arobaini tumekalia mali ya watu!"

Aliyesema hivyo alikuwa mtunza nyaraka wa wizara. Wenzake walimwita Bi Kabati, kwa sababu ukimtajia karatasi yoyote alikwambia iko kabati gani kabla hujamaliza kuuliza. Mwanamume alikuwa afisa wa ubalozi wa nchi ya pili, ile ambayo wazee wake walidai uhuru bega kwa bega na wazee wa hapa. Walinzi wa getini walimwita Jirani, na jina likamganda.

Wiki mbili mbele, nchi hizo zingeadhimisha miaka arobaini ya mkataba wa urafiki, na wawili hawa walipewa kazi ya kuandaa maonyesho. Ilikuwa kazi ya mwezi mmoja. Wao waliivuta miezi sita, na hata walinzi walijua kwa nini.

Walipendana; kikwazo kilikuwa baba yake Bi Kabati, afisa itifaki mstaafu, mzee aliyefunga tai hata akienda dukani kununua chumvi. Jirani alipotuma posa, mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapana," kisha akaomba aongezewe chai. Sababu hakuitoa. Sasa Jirani alikuwa anahamishiwa kituo cha mbali mara tu baada ya sherehe, na Bi Kabati alishaapa kuwa bila radhi ya baba hang'oki.

"Ngoja," Jirani alisema. "Kuna kitu kwenye mfuko wa jalada."

Kilikuwa kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Bi Kabati alikifungua kwa ncha za vidole, akasoma kwa sauti:

"Folda hii utaipanga wewe, kwa hiyo barua hii utaisoma wewe. Nataka kukuoa. Ukikubali, nipigie simu ofisini kabla ya Ijumaa. Ukinyamaza, nitaelewa."

"Makubwa! Nani huyo?"

Bi Kabati alivuta kiti, akaketi.

"Huu mwandiko naujua," alisema. "Ndio ulionisainia ripoti zangu zote za shule."

Alasiri hiyo hiyo alimkuta baba yake sebuleni akipiga pasi. Hakuzunguka. Alikiweka kikaratasi juu ya meza ya pasi.

Mzee alikitazama. Akaizima pasi, akakaa.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye folda ya mkataba. Nakala yao iko kwetu, baba. Ilikuwaje?"

"Haiwezekani. Niliipeleka."

"Hukuipeleka."

Mzee alifumba macho, akaanza kuzisogeza folda mbili za hewani.

"Kila waziri anasaini yake. Mimi na mwenzangu wa upande wao tunabadilishana folda. Wanasaini tena. Halafu tunabadilishana mara ya pili, ili kila folda irudi kwa mwenyewe..." Mikono ilisimama hewani. "Mara ya pili sikumbuki."

"Kwa nini hukumbuki?"

"Alikuwa amesimama nyuma ya waziri wao, mpiga chapa wao. Dada Taipu, tulimwita. Majuma matatu tuliandaa mkataba ule, anachapa, namsomea. Siku ile nilikuwa namtazama yeye." Mzee alikigusa kikaratasi. "Ijumaa simu haikulia. Nikasema watu wa upande ule wanakuchekea, wakivuka mpaka wamekusahau. Mama yako nilikuja kumpenda, Mungu ni shahidi wangu. Lakini neno lile lilinikaa."

"Kwa hiyo Jirani analipia kosa lako?"

"Ondoka, mwanangu. Niache kidogo."

Siku tatu mzee hakutoka chumbani ila kula. Siku ya nne ujumbe wa Jirani uliingia kwenye simu ya Bi Kabati: "Nimempata Dada Taipu. Kitengo cha wastaafu kimenipa namba. Yuko hai. Nipigie."

Alipiga papo hapo.

"Umemwambia?"

"Nimemsomea barua yote."

"Kasema nini?"

"Kaniomba niisome tena. Halafu akaniuliza, bado anavaa tai?"

Bi Kabati alicheka huku machozi yakimtoka.

Siku ya maadhimisho ukumbi ulijaa. Mawaziri walikubaliana kurudishiana nakala mbele ya wageni, na hotuba zikaligeuza kosa lile kuwa sifa, eti urafiki wa kuaminiana hata kwa hati. Mzee alialikwa kama shahidi. Alikuja na tai mbili mfukoni, asijue ipi inafaa.

Katika msafara wa wageni alitoka mama mmoja wa miwani, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mzee.

"Barua yako nimeipata," alisema.

Mzee alisimama. "Imechelewa."

"Sana. Nilingoja uje useme neno, na mimi nikasema mwanamume huyu alikuwa anajifurahisha. Nikaolewa, nikazaa, nikafiwa. Sikulalamika."

"Na jibu lingekuwa nini?"

"Wakati ule lingekuwa ndiyo. La leo tutaliongea taratibu, tuna umri wa kutokimbizana." Akamgeukia Jirani, aliyekuwa amesimama kando na folda mkononi. "Ila huyu anasafiri Ijumaa. Hana mzazi hapa, kwa hiyo posa yake naileta mimi. Na usinijibu kwa kunyamaza, kunyamaza kumetugharimu."

Bi Kabati alishika folda yake kwa mikono miwili. Muda wa makabidhiano ulifika. Yeye na Jirani walisogea mezani, wakabadilishana. Mzee aliwasogelea, akafungua jalada la kwanza, akasoma jina. Akafungua la pili, akasoma.

"Kila moja imerudi kwa mwenyewe," alisema.

"Na posa, baba?" Bi Kabati aliuliza kwa sauti ndogo.

Mzee aliwatazama wote watatu.

"Ndiyo," alisema.

Kisha akavuta kiti cha pili karibu na chake, akamkaribisha mama yule, akaomba waletewe chai.