Pikipiki ya Saa Kumi na Mbili

Mtaa wa vipuri mchana ule ulikuwa haupitiki. Honi, nyundo, wauza tairi wanagombea mteja mmoja, na katikati ya vurugu hiyo mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa hadi mistari inakata, futi ya kupimia nguo shingoni, anasukuma pikipiki kuukuu kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Gurudumu la mbele likapanda mguu wa fundi pekee wa kike mtaani.

"We baba! Macho umeyaacha nyumbani?"

"Nisamehe, dada yangu. Natafuta fundi."

"Basi umeshamkanyaga."

Fundi huyo walimwita Binti Spana. Gereji aliirithi kwa babake, pamoja na ukali wake. Alikuwa amejiandaa kumpa mtu huyu maneno ya kumtosha wiki nzima, lakini mtu akacheka, kicheko cha aliyekaa siku nyingi bila kucheka, na maneno yakamkauka mdomoni. Ndiyo hivyo, moyo hauna adabu.

Akainama kutazama injini. Plagi haikuwepo, na meno ya shimo lake yalikuwa yamelika yote, laini kama ufizi wa kibogoyo.

"Iliruka," mwanamume akaeleza. "Ikapita hapa sikioni, ikatoboa bati."

"Mungu kakupenda. Ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Sikuwa nakwenda popote." Akaishika futi yake. "Pikipiki hii ni ya marehemu mke wangu. Alikuwa anarudi kutoka kazini saa kumi na mbili jioni, namsikia tangu kona: tsi-tsi-tsi. Nainuka, natenga chai. Huu mwaka wa tatu tangu homa imchukue. Kila saa kumi na mbili naiwasha uani, naisikiliza, naizima."

Binti Spana akachungulia tena shimo la plagi. "Bwana wee, hiyo tsi-tsi ni pumzi inavuja pembeni ya plagi. Ndiyo ugonjwa wenyewe."

"Itengeneze ishike. Sauti uniachie."

"Haiwezekani. Ikipona, inanyamaza."

Mwanamume akalifuta tangi la pikipiki kwa kiganja. "Haya," alisema. "Anza."

Kuanza ni neno tu. Lilihitajika bushi, kijibomba cha chuma chenye meno mapya, la kutiwa mle shimoni, na kwa pikipiki ya zamani namna ile ilibidi lichongwe upya. Wiki mbili. Siku zote hizo Bwana Futi, ndivyo mtaa ulivyomwita fundi cherehani huyo, hakukosa mchana na chupa yake ya chai, na jioni alipiga simu.

"Haloo, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupo. Nesi ndiye hajala."

"Nesi anapenda nini?"

"Nesi anapenda anayeuliza."

Walicheka hadi salio likaisha. Ila ikigonga saa kumi na mbili Bwana Futi alinyamaza, hata kama yuko katikati ya neno, na Binti Spana alisikia pumzi zake tu. Jioni moja, simu ikiwa sikioni, naye akaisikia nyuma yake: tsi-tsi-tsi. Akageuka. Pikipiki ilikuwa palepale, haina plagi, shimo limezibwa kitambaa.

Hakumwambia mtu. Angeambiwa ana wazimu, au ana wivu, na hilo la pili lilikuwa kweli.

Siku bushi lilipofika, Bwana Futi alikuja na kifurushi. Ovaroli ya buluu, mishono miwili miwili, mifuko ya spana mapajani.

"Hujanipima hata siku moja!"

"Mikono yangu inajua, mpenzi. Vaa nikuone."

Akavaa nyuma ya pazia. Mikono ya nguo ikapita vidole, kiuno kikagoma kufunga. Akatoka hivyo hivyo.

"Hii umemshonea nani?"

Fundi cherehani akaitazama kazi yake, akaipima mikono ya nguo kwa futi. "Mikono imekata yenyewe..."

"Imekata vipimo vya marehemu."

"Laazizi wangu, sikiliza..."

"Usiniite! Ningeshindana na aliye hai, ningemweza. Huyu hazeeki, hakosei, hanuni. Nitamshinda na nini?"

Akaivua, akaikunja vizuri, akamrudishia. Kisha akaenda kulia nyuma ya tairi kuukuu, maana alimpenda mtu yule, na alijionea haya kumchukia maiti.

Kesho yake aliifanya kazi. Angeweza kuipachika plagi kwa kubahatisha, sauti ibaki, bwana afurahi, arudi kila mwezi. Shetani alimwambia hivyo mara tatu. Lakini plagi ile ingeruka tena, na safari hii isingelikosa sikio. Akashusha pistoni, akapaka grisi kwenye tepu, kile chuma cha kukatia meno, ili chenga za chuma zinate zisidondokee ndani. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma, anafuta, anapaka tena. Akaingiza bushi. Plagi mpya akaizungusha kwa vidole vitupu, ikaingia bila ubishi.

Bwana Futi akaja, akaiwasha. Injini ikanguruma sawasawa, tsi hata moja hakuna. Aliinamisha kichwa, akasubiri, machozi yakamdondoka kwenye shati jeupe. Akaizima, akaondoka akiisukuma, hakuaga.

Binti Spana alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Siku tisa hivyo.

Jioni ya kumi alikuwa anafunga mlango. Hakusikia kitu. Aligeuka tu, na Bwana Futi huyo, juu ya pikipiki inayonguruma.

"Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ndio ubaya wa ufundi wako, mtu anafika hasikiki." Akazima, akashuka. "Siku tisa nimeiwasha uani, marehemu hajaja. Leo nikajiuliza namsubiri nani. Nikaipanda." Akaivua futi shingoni. "Simama wima. Nyoosha mkono."

Alinyoosha.

"Ishirini na moja." Akasita. "Yeye alikuwa ishirini na nne." Kisha akarudia kwa sauti, "Ishirini na moja," akaiandika kiganjani kwa kalamu. "Kiuno?"

"Kiuno kina wenyewe. Kaonane na mjomba wangu kwanza."

"Nimeshampigia, namba nilipewa na wauza tairi. Anatungoja Jumapili."

Saa ikagonga kumi na mbili. Kutoka kona Binti Spana akaisikia: tsi-tsi-tsi, inakuja, inapunguza mwendo mbele ya gereji. Akamtazama Bwana Futi. Alikuwa anapima mabega, anahesabu kimyakimya, hajasikia kitu.

Ile sauti ikapita, ikateremka na mtaa.

"Pita salama, mke mwenzangu," alisema kimoyomoyo, akanyoosha na mkono wa pili.