Jicho la Juu na Moshi wa Uani

Mama mmoja, fundi wa nguo, aliamka mapema, kama kawaida yake. Akafagia, akafungua madirisha yote yanayotazama barabara kuu, akaketi kwenye cherehani. "Hewa ya asubuhi ni dawa," alipenda kusema. Nje, magari yalikuwa yamebanana, yakinguruma na kutoa moshi. Uani, vipande vya nguo vya jana vilikuwa vikiungua pamoja na takataka za majirani.

Binti yake, ambaye walimwita Chiriku kwa kupenda kuongea, alikuwa akikohoa wiki baada ya wiki. Mama alidhani ni baridi. Akamvika sweta juu ya sweta, mpaka mtoto akafanana na kabichi.

Siku hiyo Chiriku alianza neno, asiweze kulimaliza. Kifua kikapiga filimbi. Mama akambeba mbiombio hadi zahanati.

"Ni pumu," muuguzi alisema, mtoto alipokwisha kuvuta dawa na kupata nafuu. "Dawa hii isikae mbali naye. Na moshi usimkaribie."

"Moshi? Kwangu hakuna anayevuta sigara!"

Jioni alikuja wifi yake, dada wa mumewe. Kazi yake ilikuwa kusoma picha za setilaiti katika ofisi ya hali ya hewa. Alifungua kompyuta, ikatokea ramani ya mji wao. Katikati palikuwa pekundu kama kaa la moto.

"Hii ndiyo hewa yetu, wifi. Penye wekundu ni pachafu."

"Usinitanie! Hewa haionekani hata ikiwa puani, sembuse kutoka huko juu?"

Wifi akacheka. "Setilaiti ni chombo kinachozunguka dunia, juu sana. Kinatazama mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini. Kila gesi chafu hula sehemu yake ya mwanga. Tukiona kilicholiwa, tunamjua mlaji."

"Kama mama anavyojua nani kadokoa nyama," Chiriku alisema kwa sauti ndogo kutoka kitandani.

Wifi akawaonyesha miji ya mbali, mmoja baada ya mwingine. Chombo kile kile kiliipitia yote. Fundi alishika shavu. "Jamani, watu wana akili!"

"Tazama mji huu. Zamani ulikuwa mwekundu kuliko wetu. Wakapunguza magari machafu, wakaacha kuchoma taka. Leo umefifia."

"Na dirisha langu, kinaliona?"

"Hapana. Kinaona mji, hakioni chumba. Ya chumbani tunayapima huku huku chini."

Wifi alilala hapo. Asubuhi aliweka dirishani kipimo cha uchafu wa hewa, kidogo kama redio. Magari yalipojaa, namba zilipanda. Barabara ilipotulia, zikashuka. Kisha akakipeleka uani, karibu na moto. Namba ziliruka hata yeye akashtuka.

Fundi alitazama nailoni ikiyeyuka. Aliujua mkono ulioitupa pale.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Na mimi ndiye mshona nguo!"

Akazima moto kwa mchanga. Tangu hapo, vipande vyake vilijazwa kwenye mito ya kulalia. Kitanda cha Chiriku kikahamia chumba cha nyuma. Madirisha ya barabarani yakawa yanafunguliwa msongamano ukishaisha. Kisha akawaita majirani waone kipimo.

"Moshi tumeuvuta tangu utotoni," fundi baiskeli alibisha, "mbona tuko ha..." Kikohozi kikamkatiza. Watu wakaangua kicheko, naye akacheka. Wakakubaliana taka zipelekwe jalalani, zisichomwe tena.

Miezi ikapita. Dawa ya pumu bado ilikuwa mkobani, lakini Chiriku alilala bila kukohoa, na mchana alikimbizana na wenzake. Siku moja mama yake aliomba kuiona tena ramani. Bado ilikuwa nyekundu.

"Ua wetu ni mdogo mno kuonekana kutoka kule," wifi alisema kwa upole. "Chombo kitaona mtaa mzima ukibadilika, na wa pili, na wa tatu."

Fundi aliacha cherehani, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Mtaa wa pili. Nisindikize, na hicho kipimo ukibebe."