Ufito Aliouchonga Seremala

Nyumba ya seremala ilijengwa juu kidogo ya mto, pale maji yanapopita kwa kasi kati ya mawe na kutoa povu. Asubuhi ile ilikuwa tulivu. Randa ilikuwa ikiimba juu ya ubao na maranda yakijikunja sakafuni. Uani mkewe alikuwa akichekecha unga, na ndani ya karakana binti yao, aliyepewa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, alifagia huku akisimulia mambo ambayo hakuna aliyemwuliza.

Mara randa ikanyamaza. Seremala alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akatungua kijiti chenye meno mafupi, akakipenyeza ndani ya shati na kujikuna mgongo hadi machozi yakamlengalenga. Akakirudisha msumarini. Kabla randa haijapata moto, mkono ulikuwa umekwenda tena nyuma ya mlango.

Nawaomba, ndugu wasomaji, mkitazame vizuri kijiti hicho. Katika ukingo mzima wa mto ule hapakuwa na nyumba isiyokuwa nacho, na vyote vilitoka katika karakana hiyo: vya wakubwa vyenye mpini mrefu, vya watoto vifupi. Watu walijikuna shambani, wakajikuna ibadani, wakajikuna hata makaburini. Mgeni akiuliza sababu, aliambiwa, "Ndiyo hali ya mto." Miundi ya wazee ilikuwa na mabaka kama ngozi ya chui, na asiyekuwa nayo alitaniwa kwamba hajapata kushika jembe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Watu hawa hawakuyaficha maradhi yao. Waliyavaa hadharani kama nguo, na kwa sababu kila mtu aliivaa nguo hiyo, hakuna aliyeiona.

Ndipo tabibu wa zahanati alipowaita watu mkutanoni. Alikuwa amewapapasa watu wazima viunoni na mbavuni, na wengi wao, tena wengi mno, aliwakuta na vinundu vigumu chini ya ngozi. Aliwaeleza kwamba usubi, yaani wale vijinzi vidogo vyeusi vyenye kibyongo vinavyouma mchana, huzaliana katika maji yaendayo kasi, na kwa kuuma kwao hupanda minyoo mwilini. Minyoo ile huishi miaka mingi ndani ya vinundu, ikizaa watoto wasioonekana kwa macho. Watoto hao hutambaa ngozini, na huo ndio muwasho. Wakifika machoni, huo ndio upofu. Dawa ipo, ya kumeza kila mwaka, kwa miaka mingi bila kuruka, na idadi ya vidonge hufuata kimo cha mtu.

Mkutano ulimchagua mke wa seremala awe mgawa dawa, kwa kuwa alijua kusoma na hakuwa mwepesi wa hasira. Seremala naye akaombwa achonge ufito wa kupimia vimo. Aliufanya kwa fahari. Alichagua mti mgumu, akaupiga msasa hadi ukateleza kama kioo, na kila alama ya kipimo akaichimba kwa patasi.

"Kwa nini usipake rangi tu?" mkewe alimwuliza.

"Rangi hufutika, Mama Chiriku. Alama ya patasi hata kipofu ataisoma."

Mwaka wa kwanza seremala alimeza dawa. Kesho yake uso ulimvimba, homa ikamshika, na muwasho ukawa kama moto wa makumbi. Mkewe alimweleza kwamba tabibu alikwisha kuonya: aliyebeba minyoo mingi husumbuka siku chache, kwa sababu watoto wa minyoo wanakufa, na asiyeweza kuvumilia aende zahanati apate nafuu.

"Nilikuwa najikuna mgongo," seremala alisema, "sasa najikuna hadi kope. Dawa gani hii inayokuja na ugonjwa wake mfukoni?"

Mwaka wa pili alikataa. Laiti angeishia hapo. Jirani yake, mfuga mbuzi, alipita karakanani na kumtania.

"Fundi, mkeo atakupima lini? Au mwenye nyumba hupimwa chumbani?"

"Ufito nimeuchonga mimi," seremala alijibu. "Haunipimi."

Mfuga mbuzi alicheka hadi akashika nguzo. Seremala, kama mtu aliyepewa jukwaa, akaendelea. "Tena niambie, jirani. Mgonjwa si yule aliye tofauti na wenzake? Sisi sote tunajikuna. Basi mgonjwa ni nani?"

Maneno hayo yalikuwa matamu, nayo yalienda mbio kuliko mke wake. Kila nyumba aliyofika na mfuko wa dawa, alikuta yamekwisha kutangulia. "Hata mumeo hamezi," walimwambia, wengine kwa upole, wengine kwa kicheko. Jioni alirudi na mfuko ulio mzito karibu kama alipoondoka nao.

"Baba Chiriku," alisema, "kukataa kwako ni kwako. Mtoto nimpime."

"Mtoto wangu hatavimba uso kama kibuyu."

"Baba Chiriku, sikio la kufa halisikii dawa."

"Basi langu ni zima, maana nimekusikia. Na jibu ni lile lile."

Badala ya dawa alimchongea Chiriku kijiti kizuri chenye kichwa cha ndege. Mtoto alikifurahia. Baada ya muda alikwenda nacho hata shuleni.

Misimu ikapita, na katika nyumba ile hapakuwa na utulivu. Seremala hakuweza kukaa wala kusimama. Alianza kugombana na penseli, akisema za siku hizi hazina wino wa kutosha, mpaka mkewe akamkumbusha kwamba penseli haijapata kuwa na wino. Akailaumu karakana kuwa na giza, akabomoa ukuta na kupanua dirisha. Giza likaingia kupitia dirisha lile lile. Mteja mmoja alirudisha kigoda akisema kinacheza ngoma bila kupigiwa. Seremala alikigeuza, akakipapasa miguu, akakuta mmoja mfupi. Alijikuna.

Chiriku naye alikuwa amepunguza maneno. Siku moja alirudi shuleni mapema, sare yake ina madoa ya damu mabegani.

"Mwalimu amenihamishia nyuma," alisema. "Anasema nikijikuna, darasa zima linajikuna."

"Basi lijikune," baba yake alijibu, akaendelea kukata ubao.

Msumeno uliacha mstari ambao hakuwa akiuona, ukaingia katika kidole gumba cha kushoto.

Tabibu alimshona bila kusema mengi. Alipomaliza kufunga kitambaa, alimziba seremala jicho la kulia, akainua vidole mbele yake.

"Ni vingapi, Fundi?"

"Viinue kwanza."

"Nimeviinua."

Mke wa seremala, aliyekuwa amesimama mlangoni na Chiriku, aligeuza uso.

"Hili la kushoto limekwenda," tabibu alisema, "na la kulia limeanza safari. Dawa inaweza kuzuia yasizidi. Kilichokwisha kupotea hairudishi. Ningesema vingine, ningekuwa nakudanganya."

Seremala aliinamisha kichwa. Hakuuliza juu ya jicho lake. Aliuliza, "Na mtoto?"

"Mtoto bado ana macho yake yote mawili. Tatizo lake ni ngozi, na ngozi ya utotoni dawa huisaidia sana. Amekwisha meza mara ngapi?"

"Nilimzuia," seremala alisema. "Nikamchongea kijiti."

Siku ya kugawa dawa ilipofika, mke wa seremala aliweka meza uwanjani mbele ya zahanati. Watu walikuja kutazama zaidi kuliko kumeza. Wakamwona seremala akija, ameshika bega la binti yake, naye akitembea kama mtu apitaye juu ya ubao mwembamba. Aliomba ufito. Akamsimamisha Chiriku, akauegemeza mgongoni pake, kisha akapitisha kidole gumba cha kulia juu ya alama alizozichimba mwenyewe, moja baada ya nyingine, hadi akafika kwenye utosi. Akatamka idadi ya vidonge. Mkewe alitazama alama, akahesabu vile vile, akampa mtoto maji.

"Sasa nipime mimi," seremala alisema. "Na unisamehe, Mama Chiriku. Nilikufanya mwongo mbele za watu."

"Meza kwanza," mkewe alisema. "Msamaha hauna miadi."

Mfuga mbuzi, aliyekuwa amesimama pembeni akijikuna shingo, hakuweza kujizuia. "Fundi, si ulisema ufito haukupimi?"

"Nilisema, jirani. Basi nikapimwa na usubi." Alimwelekezea ufito, ingawa uliishia kando kidogo ya pale aliposimama. "Sogea. Zamu yako."

Mfuga mbuzi alitazama ncha ile ya ufito iliyokuwa ikielekea hewani. Akapiga hatua moja ya pembeni, akasimama mbele yake.

Siku hiyo mfuko ulirudi nyumbani mtupu. Seremala hakurudi kwenye msumeno. Jicho lililobaki humtosha kupiga msasa tu. Chiriku amerudi kukaa mbele darasani, na mwalimu sasa analalamikia mdomo wake. Nyuma ya mlango wa karakana msumari ungali pale, nao hautundikiwi tena kijiti.

FUNZO

Ndugu zangu, maradhi hayawi afya kwa sababu yamewapata wengi. Mkiona jambo baya limeenea hadi mmelizoea, hapo ndipo mwogope zaidi. Dawa iliyotolewa kwa wote imezwe na wote wanaoruhusiwa kuimeza, kila mwaka, hata yule asiyewashwa, maana usubi hauchagui nyumba. Atakayesumbuka baada ya kumeza aende kwa tabibu, asiende barazani. Na wewe ambaye watu hukusikiliza, pima neno lako kabla ya kulitoa. Seremala alilipa kwa jicho lake. Ni watoto wa wangapi waliojikuna mwaka mzima kwa utani wake, hilo hakuna ufito wa kulipima.