Hirizi ya Tanofret

Mtoto alianza kuuchekea ukuta mchana wa jua kali, wakati kijiji kizima cha mafundi wa makaburi kimejilaza. Wabet, mama yake, alidhani anachekea nzi. Nzi hakuwepo. Ila chumba kilinuka manemane, ile wanayopakwa maiti.

"Kenna," alimnong'oneza mumewe, "humu ndani tuko wangapi?"

"Joto hilo linakusumbua. Lala."

Siku ya tatu alimwona. Mwanamke aliingia kinyumenyume, uso umegeukia mgongoni, akainama ambusu mtoto, na Wabet akabaki kutazama vidole vikavu vikiipapasa hirizi ya buluu shingoni mwa mtoto, hirizi ya Taweret, yule kiboko anayelinda wajawazito na wachanga, vikiipapasa taratibu, kama mtu aliyekiona kitu chake kilichopotea.

Mwanamke yule alipotoweka, Wabet alimtikisa Kenna, fundi wa hirizi hizo.

"Hii uliitengeneza lini?"

Kenna akainamisha kichwa. "Ilikuwa ya Tanofret."

"Marehemu mkeo? Si alizikwa nayo?"

"Niliivua kabla hawajamviringisha sanda. Nilitaka kumbukumbu tu."

"Mwanamke kafa na mimba tumboni, wewe unamvua kinga yake, unamvisha mwanangu! Una akili kweli?" Akamvua mtoto hirizi, akamtupia Kenna. Huyu ndiye mtoto wake wa pekee.

Mkunga Hunro aliitwa saa ile ile. Aliposikia kisa akafyonza. "Fundi wa hirizi asiyejua hirizi! Kimbia, kairudishe kaburini."

Kenna akatoka nayo mbio. Hunro akamfunga mtoto uzi wa mafundo saba wenye kitunguu saumu, kisha akapaka asali kizingiti chote na dirisha.

"Kwetu tamu, kwa wafu chungu," alisema. "Hapa mfu hapiti tena, mwanangu."

Harufu ikaisha. Siku mbili nyumba ilitulia, na Wabet akalala usingizi mnono. Asubuhi ya tatu, kwa furaha yake, alichovya kidole kwenye asali iliyobaki, akamlambisha mwanawe.

Mtoto akakunja uso, akaitema. Akamlambisha tena. Akaitema tena, akalia kwa sauti nzito ya mtu mzima, na manemane ikamnuka kinywani.

Wabet aligeuka kuutazama mlango. Asali ilikuwa ingali inang'aa kizingitini, na aliyekuwa ndani hakuwa na pa kutokea.