Wageni wa Kiwandani

Mwisho wa mwezi duka la vifaa vya umeme lilijaa watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Cha bure kilikuwa kelele tu, na kelele kubwa kuliko zote ilitoka kaunta ya malalamiko. Alisimama hapo dada mmoja mwenye gauni la njano, vifungo vyekundu toka shingoni hadi magotini, mkanda umemshika kiuno mpaka wanaume wawili wakasahau walikuwa foleni gani.

"Nimenunua kompyuta," alisema, akiigonga kwa kucha. "Sikununua karata. Sikununua hali ya hewa ya miji nisiyoijua. Wala hawa walinzi watatu wa virusi, kila nikiiwasha wanagombana wenyewe kwa wenyewe!"

"Zinakuja nayo toka kiwandani, dada," muuzaji akajibu. "Ni zawadi."

"Zawadi gani inadai malipo baada ya mwezi? Nimepanga nyumba, nafungua mlango, nakuta ndugu wa mwenye nyumba wamejaa kwenye kochi, wananiuliza tunakula saa ngapi!"

Nyuma yake mtu akacheka. Dada akageuka tayari kwa vita, akamkuta kijana mrefu, shati limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limeachiwa Mungu.

"Unacheka nini, kaka?"

"Samahani. Mimi ni fundi wa kompyuta. Ndugu kama hao ndio kazi yangu kuwafukuza."

"Wanatoka?"

"Wanatoka. Ila ni wabishi."

Basi uongo ukaanzia hapo. Ukweli ni kwamba wageni wale hutoka kwa muda wa kikombe cha chai kupoa, na fundi alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini alikwishayaona yale macho, na mwanamume akishaona macho ya namna ile, saa yake husimama.

Dada alikuwa mshona mapazia. Mtaa mzima ulimwita Binti Pazia. Chumba chake cha kazi kilikuwa juu ya duka la viatu: majora ya vitambaa yameegemezwa ukutani, cherehani mbili dirishani, moja yake, moja ya shangazi yake aliyemlea. Kompyuta aliinunua ili amchoree mteja dirisha lake na pazia lake kabla mkasi haujagusa kitambaa, maana wateja wana tabia ya kupenda bluu mpaka bluu ikatwe. Shangazi alihitaji miwani kutunga uzi, lakini kumwona mwanamume mwongo hakuhitaji.

Siku ya kwanza fundi alikaa mchana kutwa akatoa mchezo wa karata.

"Karata tu?" Binti Pazia akauliza.

"Programu hizi zina mizizi. Ukizing'oa zote siku moja, mashine inashtuka."

Shangazi akamtazama juu ya miwani. "Mimi niling'olewa meno manne siku moja, mbona sikushtuka?"

"Wewe ni chuma, shangazi."

Shangazi alitaka kucheka, akakumbuka cheo chake.

Siku nyingine ikatoka hali ya hewa. Nyingine kikatoka kisauti cha kike kilichokuwa kikisema, "Hujambo! Nikusaidie nini?" Shangazi alikuwa akikijibu kila asubuhi, "Sijambo mwanangu, nishikie mkasi," kwa hiyo kilipoondoka alinuna mpaka jioni. Na jioni simu za fundi zilianza.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Yupi? Wa mezani au mimi?"

"Tuanze na wewe."

"Mimi naumwa shati lako. Mgongoni hupigi pasi kwa nini?"

"Nani ananitazama mgongoni?"

"Mimi. Ukiwa unaondoka."

Kila mmoja akatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Wiki ya tatu bahati ikabisha hodi. Mwenye hoteli mpya alitaka mapazia ya vyumba vyote, kazi ya kulisha cherehani mbili mwaka mzima. Aje aonyeshe michoro yake, wakikubaliana aanze. Fundi aliposikia, dhamiri ikamfinya. Kumchelewesha mtu umpendaye ni jambo moja, kumharibia riziki ni jingine. Alikaa, akatoa walinzi wote watatu na takataka zote zilizobaki.

"Imeisha," akasema.

"Yote?"

"Yote."

Mashine imepona, mganga hana sababu ya kurudi. Akashuka ngazi taratibu. Binti Pazia akamtazama toka dirishani mpaka akapinda kona.

Kesho yake kompyuta ilimkera kwa tabia njema. Akapekua humo ndani, akakuta kitufe: *Rudisha programu za kiwandani*. Akawaza, nirudishe karata tu, nimpigie, masikini mimi, mashine imeanza tena. Akabonyeza. Tusimcheke, wako waliopasua bomba zima ili fundi bomba arudi. Kabla hajatazama nini kimerudi, simu ikalia: mwenye hoteli amepata nafasi, aje sasa hivi. Akaifunga mashine, akakimbia.

Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo mwenye hereni nzito na maneno machache. Binti Pazia akafungua kompyuta juu ya meza ya kioo. King'ora kikalia. *Kompyuta yako iko hatarini! Lipia sasa!* Mlinzi wa pili akatokea kusema wa kwanza ni mwongo. Wa tatu akawafunika wote. Michoro haikuonekana hata pindo, na katikati ya ghasia kisauti kikasema, "Hujambo! Nikusaidie nini?"

"Nisaidie nife," Binti Pazia akanong'ona.

Karani wa hoteli akachungulia. "Dada, hizi si kazi ya kikombe cha chai? Zangu nilizitoa mwenyewe."

"Kikombe cha chai? Fundi wangu amekuja wiki tatu!"

Mwenye hoteli akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, huyo hakuja kwa ajili ya kompyuta. Nakupa mpaka kesho asubuhi. Baada yako kuna mshonaji mwingine."

Binti Pazia alimpigia fundi hapo hapo nje, barabarani.

"Mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Ulikuwa unatoa programu au unanitoa akili? Wiki tatu, kazi ya kikombe cha chai!"

"Ni kweli. Ningemaliza siku ya kwanza, ya pili nisingekuona."

"Na leo king'ora kimenilia mbele ya mteja! Walinzi wote watatu!"

"Ngoja. Walinzi niliwatoa jana, wote, kwa mikono yangu. Nani amewarudisha?"

Simu ikakatwa. Fundi alidhani ni hasira. Ilikuwa aibu.

Shangazi alimkuta Binti Pazia mezani, kidevu mikononi, akamchomoa habari yote kama uzi kwenye pindo.

"Kwa hiyo yeye mwongo, na wewe mwongo," akasema. "Mmepatana. Tatizo liko wapi?" Akachukua simu mwenyewe. "Fundi, njoo. Na usije na habari za mizizi."

Alikuja anahema. Akaketi mbele ya mashine. Binti Pazia akamwekea chai ya moto pembeni, akasimama kuangalia. Mvuke haujaisha, mashine ikawa safi, na michoro yote ya hoteli ikajipanga kiooni.

"Kumbe," akasema Binti Pazia.

"Kumbe," akasema fundi. "Nisamehe. Kesho ukiikosa kazi ile, lawama ni yangu."

"Si yako. Niliwarudisha mimi. Nilimwita karata peke yake, akaja na ukoo mzima."

"Kwa nini?"

"Ulishuka ngazi bila kusema utarudi lini."

Asubuhi mwenye hoteli alitazama michoro, akachagua bluu, akatia sahihi. Aliuliza swali moja tu: "Na fundi?" Binti Pazia akainama akifunga begi lake muda mrefu kuliko begi linavyohitaji.

Majora ya bluu yalipoletwa, chumba kilikosa pa kukanyaga. Ndipo fundi akatokea mlangoni, shati limenyooka mbele na nyuma.

"Huyu amefuata nini?" shangazi akauliza. "Mashine ni nzima."

"Nimekuja tu, shangazi."

Akasimama, hajui mikono aiweke wapi. Binti Pazia alikuwa anakunja pindo, midomo imebana pini. Akamsukumia ncha ya pazia. Fundi akaishika, akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono imetanda kama sanamu la kutishia ndege.

"Nataka nikuoe," akasema. "Nasema sasa hivi kwa sababu una pini mdomoni, huwezi kunigombeza."

Cherehani ya shangazi ikanyamaza. Binti Pazia akatoa pini moja, akaichomeka kwenye pindo. Akatoa nyingine. Na nyingine, bila haraka hata chembe, jasho likimtiririka fundi na hana mkono wa kulifuta.

"Nimekubali," akasema. "Vuta upande wako, limepinda."