Riba ya Mashine ya Mchele

Jumamosi asubuhi Ligaya alikuwa akipanga puto, mikate midogo ya mchele iliyopikwa kwa mvuke, huku mama yake, Perla, akihudumia wateja kibarazani kwao mjini Biñan. Siku hiyo alifika Mang Teban, mkopeshaji wa mtaani, na karatasi mkononi. Perla alitaka peso 12,000 anunue mashine ya kusagia mchele, maana kusaga kwa jiwe kulikuwa kumemuumiza mabega.

"Riba ni asilimia mbili tu kwa mwezi, dada yangu," alisema Mang Teban. "Miezi kumi, kila mwezi peso 1,560. Tia sahihi hapa."

Perla akashika kalamu.

"Mama, ngoja kidogo," alisema Ligaya. Hesabu za riba walikuwa wakizifanya darasani wiki ileile. Akachukua karatasi ya kufungia puto. Malipo yote ni 15,600. Ukiondoa mkopo wa 12,000, riba inabaki 3,600. Kiwango asichokijua akakiita x.

12,000 × x ÷ 100 = 3,600
120x = 3,600
x = 30

"Asilimia thelathini," akasema.

Mang Teban akacheka mpaka wateja wakageuka. "Dada Perla, mwanao huyu atanifungisha jela. Thelathini kwa mwezi, nani amewahi kutoza?"

Ligaya alitamani ajifiche jikoni. Badala yake akaipitia hesabu mstari kwa mstari, akaona alipoteleza. Akaandika upya chini ya ile ya kwanza.

12,000 × x × 10 ÷ 100 = 3,600
1,200x = 3,600
x = 3

"Nilisahau miezi," alisema. "Ni tatu kwa mwezi, Mang Teban, na wewe umesema mbili. Kwa mbili riba ni 2,400. Mama atalipa 1,440 kila mwezi."

Mang Teban akatoa kikokotoo, akabonyeza, akabonyeza tena. "Labda karani wangu alikosea," akanung'unika. Akakata namba, akaandika 1,440. Perla akaisoma karatasi nzima, ndipo akatia sahihi.

Mgeni alipoondoka, Perla alimvuta binti yake karibu.

"Mimi ningetia sahihi kwa kuona haya kuuliza," alisema. "Wewe umechekwa mbele za watu, na bado umerudi kwenye hesabu yako. Fanya hivyo siku zote, mwanangu. Usiweke jina lako kwenye karatasi ambayo hujaihesabu mwenyewe, na ukikosea, sahihisha. Haya, wahudumie wateja."